Lavenda Yangu, Sifa za Mpiga Pasi

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usome hadi mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu kuandika naweza lakini kuongea mbele za watu ndiyo shida yangu, hata shuleni mwalimu aliwahi kuniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mdomoni, nikasimama nikanyamaza mpaka akaniambia niketi.

Nimemaliza shule mwaka huu, na mama amenipeleka kwa shangazi, fundi cherehani mwenye duka la vyumba viwili, nijifunze kazi. Kwa sasa nafagia, nafumua pindo na kushona vifungo. Dirishani kuna cherehani ya pili ambayo haina mtu tangu fundi wake aolewe akahama, na shangazi amemwambia mama kwamba mwisho wa mwezi huu ataamua, ama anipe mimi au alete fundi mwingine nami nirudi nyumbani. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mtoto ni mpole, ila mkono wake sijauona." Mshauri, mkono ninao, ila hakuna anayejua.

Pale dukani kuna sheria ambayo shangazi anajivunia sana, kwamba kila kipande cha kitambaa kinachobaki, hata kikiwa cha ukubwa wa kidole, kinafungwa na kurudishwa pamoja na nguo, mteja asije akasema fundi amemwibia. Kufunga vipande hivyo ni kazi yangu. Basi siku moja nilikuwa nafunga vya gauni la zambarau la nesi mmoja nikavionea huruma, maana nilijua vitaishia kufutia vumbi, nikachukua viwili nikashona kifuko cha upana wa kiganja, nikaacha tundu la kupita vidole viwili, nikakigeuza kwa kalamu, nikakijaza maua ya lavenda yanayonukia na punje chache za mchele ili kikae vizuri, nikaliziba tundu kwa mshono usioonekana. Lavenda napewa na bibi anayeishi nyuma ya duka, ameiotesha kwenye makopo ya rangi, naikausha juu ya kabati na kuifikicha kwa viganja. Nikakiweka kifuko katikati ya vile vipande, nikafunga, nikanyamaza.

Niliona raha, mshauri, raha ambayo sijawahi kuiona shuleni hata siku moja, kwa hiyo nikaendelea, kila mteja na kifuko cha kitambaa chake mwenyewe, cha maua, cha mistari, hata kimoja cha kijivu cha suti ya mhasibu, na shangazi hakujua lolote kwa sababu ana mafua ya vumbi la vitambaa yasiyoisha na harufu hasikii.

Nesi akarudi. Alikuwa anauliza ni nani aliyemtilia kile kifuko maana kabati lake lote linanukia kama bustani, nami nilikuwa chini ya meza naokota pini, nataka kusema ni mimi. Wakati huo mezani alikuwepo mpiga pasi wetu, ambaye wote tunamwita Mjomba ingawa si ndugu wa mtu yeyote pale, mtu wa maneno mengi ambaye sifa ikipita karibu lazima aidake. Akasema, "Hayo ni mambo ya pasi, dada. Mambo ya pasi." Wakacheka, nikabaki na pini zangu.

Baadaye wateja wengine wakaja na shukrani hizohizo, shangazi akasikia, akamwambia Mjomba kumbe una kipaji umenificha miaka yote hii. Kisha bibi harusi mmoja akaagiza vifuko sitini kutokana na vipande vya magauni ya wasimamizi wake, na Mjomba akajibu hakuna shida.

Shida ilikuwepo. Kifuko chake cha kwanza alikishona pande zote nne, kisha akakaa anakigeuzageuza akitafuta pa kuingizia maua. Cha pili alikijaza sabuni ya unga, tukapiga chafya duka zima. Akaniita pembeni. "Binti yangu, nimejiingiza mwenyewe. Mkono wako mwepesi, nishonee hivi. Lakini tusimtangazie shangazi yako, ataniona mjinga."

Nimeshona thelathini na kimoja, na nakiri navipenda, rangi yake ni kama ndani ya papai. Juzi shangazi alikichukua kimoja, akautazama mshono muda mrefu, akamtazama Mjomba, akasema, "Safi sana, Mjomba." Halafu furushi la vipande akaliweka mezani kwangu, eti mezani kwa Mjomba kuna joto la pasi.

Nikisema, nitamwaibisha Mjomba, na ndiye aliyenitania siku ya kwanza mpaka nikaacha kutetemeka, tena shangazi atajua nilikuwa nagusa vipande vya wateja. Nikinyamaza, mwezi unaisha na narudi nyumbani. Nifanyeje?

Ni mimi, Mwenye Sindano.

*

Mwenye Sindano, marahaba. Nimesoma hadi mwisho, ndipo nikacheka. Baada ya kusoma hukunikataza.

Tuanze na vipande. Kila kimoja kilirudi kwa mwenyewe, tena kimeshonwa. Wizi hapo sijauona. Ila ulipaswa kuomba ruhusa, na kwa hilo utamwomba shangazi yako radhi mara moja, si mara kumi.

Sasa nikugombeze kidogo. Unasema unanyamaza kwa kumhurumia Mjomba. Siyo kweli, mwanangu. Ulinyamaza chini ya meza kabla Mjomba hajafungua kinywa. Umepata tu mtu wa maneno mengi wa kujificha nyuma yake.

Na shangazi yako? Mtu aliyezeeka na cherehani anautazama mshono muda mrefu, anamtazama mpiga pasi, kisha furushi anakuwekea wewe. Simjui, siwezi kuapa, lakini hilo joto la pasi mimi siliamini. Nadhani mkono wako ameshauona. Anachongoja ni sauti, kwa sababu anayekaa dirishani atampima mteja kiuno, atamuuliza gauni liishie wapi, atamwambia mtu mzima kwamba rangi hii haimfai. Kazi hiyo haifanyiki kwa kunyamaza.

Kwa hiyo kesho uwahi. Mjomba mkute mlangoni umwambie kwanza yeye: leo nasema. Usiogope, atashusha pumzi. Bado vifuko ishirini na tisa, na maskini huyo hapati usingizi. Mwachie kazi ya kufikicha lavenda na kuwasimulia wateja, anaiweza.

Kisha nenda kwa shangazi kabla hajaanza kazi. Chukua vipande viwili, sindano na uzi, kaa mbele yake uanze kushona. Utasema maneno matano: "Shangazi, hivi vifuko nashona mimi." Yafanyie mazoezi leo ukifagia, kwa sauti, ufagio hautakucheka. Sauti ikikwama, endelea kushona mpaka irudi. Atauliza, nawe utajibu.

Akishakusikia, usikimbilie nje. Mwombe ile cherehani. Usingoje akupe mwenyewe, usingoje mwisho wa mwezi, usimtume mama. Mwambie unaitaka. Na kwa kuwa nakujua sasa, mara ya kwanza utasema kwa sauti ndogo asikusikie. Rudia.