Usimjibu Anayekuita Dada

Kindu

Yaya Gisèle, mukubwa wangu,

Huku tuko. Mvua imerudi, na muhogo wa Mama unaendelea vizuri.

Uliniuliza nilichagua programu gani ya kusomea barua kwenye seva yetu, ile iko chumbani kwangu. Zilikuwa mbili, zote za bure na za wazi. Moja ilikuwa na sura nzuri. Nikachukua ile ingine, kwa sababu kila ukiifungua inakuonyesha mara ya mwisho uliingia lini na toka wapi. Unakumbuka wakati wa vita, Baba alituma habari kwa fonie, ile redio ya kusemea, na waaskari wakasikia yote. Sikutaka barua ulizokusanya kwa wachimbaji wa migodi kule Kama, juu ya wale wanaowapiga, zilale kwa watu wengine.

Jana nilishinda kule Kailo, mashine sikuigusa. Leo programu inasema jana niliingia, hapa Kindu.

Mama sijamuambia. Mashine nimezima. Karatasi hii inakuja na jirani yetu Aïcha.

Ukikuta barua ya jina langu kwenye kompyuta inakuita "Dada", usijibu. Mimi njo nakuita Yaya siku zote, hapana Dada. Na kama ulikwisha kujibu, ukasema unakaa wapi, leo usilale pale.

Mudogo wako,
Mardochée