Kamera Isiyovuta

9 Januari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Natumai kifua kimepona na kwamba unakula chakula cha kueleweka. Sisi tu wazima, ila magoti ya baba yako yanamsumbua kwenye ngazi. Anaona ni dhuluma, kwa mtu aliyetengeneza lifti maisha yake yote.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nataka kununua kamera. Sitaki simu, wala lile dude la kaka yako lenye mkonga. Nataka ndogo, yenye lenzi moja isiyotoka na isiyovuta, lakini kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga kiwe kikubwa. Najua zipo, na najua dukani kwenu mnaziuza, kwa hiyo usijifanye hujui.

Kaka yako amecheka. Baba yako hakucheka. Amesema kamera hiyo ikiingia ndani ya nyumba hii, yeye hatatoka nami hata hadi sokoni. Nimemwambia njia naijua.

Miaka thelathini na moja nimepiga eksirei. Nimeona mbavu za karibu mji mzima, mwanangu, na nyuso sikuzitazama, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Vuta pumzi, shikilia, toa, anayefuata. Sasa nataka kuwarudia wale ninaowakumbuka, niwapige picha za sura zao wakiwa kazini. Kuna mwashi aliyevunja mkono uleule mara tatu. Kuna mshonaji niliyemkuta na sindano ndani ya kidole. Nataka kuanza mwaka huu, si mwakani.

Niambie nichukue ipi.

Mama yako

17 Januari

Mama yangu,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Kifua kimepona. Chakula nakula, ingawa najua hutaamini.

Usikasirike, tafadhali. Kamera za namna hiyo nauza moja kwa mwezi, tena kwa watu wanaozivaa shingoni kama mkufu. Lenzi isiyovuta maana yake ukitaka sura ya mtu, unamfuata kwa miguu yako. Mwashi akiwa juu ya jukwaa utampandia huko? Chukua inayovuta, ukae kwenye kiti chako, upige.

Kama huambiliki, ziko mbili. Ya kwanza ni ya milimita ishirini na nane. Namba ndogo ndiyo inayoona pana: ukisimama mlangoni unapata chumba kizima. Inatuliza mtikisiko wa mkono, na skrini yake inainuka. Lakini ni nzito, robo tatu ya kilo. Ya pili ni ya thelathini na tano. Hiyo inaona eneo jembamba zaidi, uzito wake nusu kilo, na inaingia mfuko wa koti. Ila betri yake inaisha ungali unatafuta pa kusimama, na mkono ukitetemeka na picha inatetemeka. Ile pana unaweza kuikata baadaye iwe nyembamba. Nyembamba huwezi kuiongezea kitu.

Mimi kwa maoni yangu usinunue hata moja. Kwani haraka ya nini?

Kitinda mimba wako

2 Februari

Mwanangu,

Salamu tele. Huku hatujambo kwa kiasi cha kutosha, na hicho kiasi nitakueleza hapa chini.

Kwanza nikujibu. Mashine yangu ya eksirei haikuvuta. Kifua kilipigwa kwa umbali wa mita moja na sentimita themanini, mkono mita moja, basi. Aliyesogea ni mgonjwa, au meza, au mimi. Na kifua hatukukipiga kwa bamba dogo la kupigia kidole, kwa hiyo habari za kibao kikubwa huna la kunifundisha. Moyo wangu uko kwa ile ya thelathini na tano, kwa sababu ya mfuko wa koti.

Pili, umeuliza haraka ya nini. Nina presha ya macho. Daktari alinionyesha mchoro wa kile ninachoona na kile nisichoona, na mimi mambo ya namna hiyo sihitaji kusomewa. Katikati naona kama zamani, natunga uzi bila taabu. Pembeni ndiko kulikokwisha, hasa kushoto. Kilichokwenda hakirudi. Matone natia asubuhi na jioni, siruki hata siku moja, na huenda yakanishikia kilichobaki kwa miaka mingi, au michache. Hakuna anayejua, hata daktari.

Baba yako anajua tangu Novemba. Ndiyo maana amenuna. Anasema mtu wa macho kama yangu akae nyumbani. Mimi nasema mtu wa macho kama yangu ana kazi ya kumaliza.

Usilie dukani.

Mama yako

5 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimelia dukani. Msimamizi amenipa mapumziko.

Njoo ukae kwangu. Nimeshaongea na mwenye jengo: kuna chumba cha chini, hakina ngazi, choo kiko humohumo. Hutavuka barabara hata moja. Nitakutoa mwenyewe kila Jumapili. Baba naye aje, tutampatia cha kufanya.

Habari za kamera tuziweke kando. Sikuuzii, na wenzangu nimewaambia ukiagiza wakatae. Nichukie ukitaka.

Nakupenda.

Kitinda mimba

28 Aprili

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Karibu miezi mitatu sikukuandikia, na simu zako nimezijibu kwa ndiyo na hapana, kwa sababu nilikasirika. Bado nimekasirika. Mimi si furushi la kuwekwa kwenye chumba cha chini na kutolewa Jumapili. Chumba kizuri, asante, mpe mtu anayekitaka.

Nimekwenda kwenye duka la kamera la hapa, peke yangu, kwa miguu. Muuzaji aliniachia zote mbili asubuhi nzima, nadhani alinionea huruma, nami nikaitumia huruma yake vizuri. Nilisimama mlangoni na ile ya thelathini na tano. Inaona kama mimi ninavyoona. Nikairudisha mezani. Hayo ninayo tayari, ninunue ya nini?

Halafu nikainua ile ya ishirini na nane, nikapiga bila kugeuza shingo, nikaja kupitisha jicho kwenye skrini polepole, kutoka katikati kwenda ukingoni. Kushoto palikuwa na mlinzi amekaa kwenye stuli, anakula karanga. Ningeapa upande ule ulikuwa ukuta mtupu.

Basi nimeamua. Ni nzito, na mkono wangu umeshika wagonjwa wazito zaidi. Nitatembea nayo, nitapiga, na pembeni nitapaona nikifika nyumbani, kwa wakati wangu. Hilo si ombi. Ukikataa kuniuzia nitaichukua hapa, lakini ningependa itoke mikononi mwako.

Mama yako

6 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

Nilikosea. Nilitaka uwe salama, nikasahau kukuuliza wewe unataka nini. Ishirini na nane iko njiani. Nimeifunga mkanda mfupi wa mkononi, maana ule mrefu unanasa kwenye vitasa. Ishike kwa mikono miwili, viwiko ubane mbavuni.

Bado naogopa magari, naogopa mitaro, naogopa kila kitu kilicho kushoto kwako. Sitakudanganya kwamba nimeacha.

Kitinda mimba wako

19 Julai

Mwanangu mpendwa,

Natumai hujambo, na msimamizi wako hajachoka na familia yetu. Mimi nina afya, matone natia, na kamera imenitoa lengelenge kwenye kidole gumba. Najivunia lengelenge hilo kuliko cheti cha kustaafu.

Mshonaji alinifukuza. Aliniambia mara ya mwisho nilipompiga picha alitoka na bandeji. Nikamrudia siku ya tatu, akakubali, ila akaficha kidole. Mwashi hakushuka, ana kazi. Kwa hiyo nilimpandia. Vidato kumi na moja vya ngazi hadi jukwaani, kamera mkononi, wala usimwambie kaka yako. Alikaa ukingoni miguu ikining'inia, mkono wake uliopona vibaya ukiwa pajani, na kwa mara ya kwanza nikautazama uso wake. Ana uso wa mtu mwenye utani. Miaka yote hiyo sikujua.

Jana nilikaa mezani na picha zile, jicho polepole hadi ukingoni. Kwenye ile ya mwashi, chini kabisa kushoto, kuna mikono miwili imeikamata ngazi yangu. Vifundo vile vya vidole navijua. Nimeviona kwa eksirei na bila eksirei.

Nikarudi kwenye picha zote za nyuma. Mtaa wa mafundi viatu, bega moja la koti la kijivu. Nje kwa mshonaji, mtu amesimama nyuma ya nguzo, amejificha vibaya. Kwenye kivuko cha barabara yuko hatua moja kushoto kwangu, mkono ameunyoosha kuzuia gari, na mimi nilidhani dereva yule ana adabu. Picha thelathini na mbili. Yumo kwenye ishirini na saba.

Kumbe asubuhi ninapotoka, baba yako, anayeniambia anakwenda kucheza drafti kwa kinyozi, hajafika kwa kinyozi tangu Mei. Na magoti yale.

Nililia, nakuambia wazi. Kisha nikapandwa na hasira, maana nilijigamba mji mzima kwamba natembea peke yangu. Nikamuuliza drafti zinakwendaje. Akasema anashinda. Nikamgeuzia skrini. Akaitazama muda mrefu, akasema barabara ni ya watu wote, na kwamba yeye bado haitaki kamera hii.

Sikumwambia aache. Wala sikumshukuru, bado. Nimemwambia kesho natoka saa nne, nakwenda kwa wachomeleaji, na kama ana drafti upande huo, asivae koti la kijivu. Linapotea kwenye ukuta, na mimi nataka kumwona.

Mama yako