Pampu Mbili za Chamwino

Dodoma, 3 Juni 1913

Baba Bartolomayo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la karakana ya reli litanimaliza. Mama hajambo? Ng'ombe je?

Nasikia mtemi wetu kaletewa pampu mbili za visima: moja ya Wadachi wa boma, moja ya Waingereza wa misheni, na kila upande unamtaka aikatae ya mwenzake. Wewe mshauri wake, mwambie achukue ya Wadachi! Tukiwaudhi hao, maji tutayaona ndotoni, na ng'ombe watakwisha kiangazi hiki.

Mwanao, Kefa

Chamwino, 20 Juni 1913

Mwanangu Kefa,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako anauliza unakula nini huko.

Ama kweli umekuwa Mdachi! Hivi ng'ombe wetu wote wamo zizini mwangu? Wanne nimemwekesha rafiki yangu Matonya, watatu wako Mlali kwa marafiki, ili ugonjwa ukija usitumalize. Mtemi kafanya vilevile: kapokea zote mbili, kila moja na kisima chake. Watu wa boma kawapa sharti, kijana wetu afundishwe kuzitengeneza. Kakutaja wewe. Usituaibishe.

Baba yako

Dodoma, 12 Novemba 1914

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje na vita hivi?

Niliposoma katika barua yako kwamba askari wa boma wameing'oa pampu ya Waingereza, niliumia sana. Na hiyo ya Wadachi iliyokauka, kipande cha ngozi cha ndani kimechakaa. Kipya hutoka Ulaya, na meli haziji. Nimekata kingine kwa ngozi ya fahali, nikakilaza siku tatu kwenye samli kilainike. Anacho mleta barua. Kivalishe kama nilivyokuonyesha. Kisiposhika, baba, nisamehe.

Mwanao, Kefa

Chamwino, 1 Desemba 1914

Mwanangu,

Marahaba! Huku raha tupu. Kimeshika. Ng'ombe wanakunywa hadi wanageuza shingo, na mama yako leo kaoga mara mbili, anatamba kijiji kizima.

Sasa sikia. Tarishi wa boma kaja. Pampu yao ya hapo bomani nayo imekauka, na eti walipokutaka uitengeneze uliwajibu huigusi bila ruhusa ya mtemi wako. Nilicheka nikashika mbavu! Mtemi kawaambia ruhusa ipo, pampu ya Waingereza ikirudi kisimani kwanza. Imerudi leo asubuhi, wameibeba askari walewale.

Basi watengenezee, tena vizuri. Ila siri yetu ya samli usiitaje.

Baba yako