Kumbe Ngazi Ndizo Zilizonibeba

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, maana mkono umeshika kalamu lakini goti ndilo linaloandika.

Mimi ni mama yake Ylber, mhandisi, mtoto niliyemsomesha kwa kushona mashuka, hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja, na mwaka jana alinitoa kwenye nyumba yetu ya Berat, kule juu mlimani, akaniweka ghorofa ya saba kwenye majengo mapya nje ya Tirana, mji mkuu, kando ya barabara kuu, lifti unabonyeza tu, nami nikawatangazia wanawake wote wa mtaa, "Ninyi endeleeni kupanda kama mbuzi!"

Sasa nimeongezeka kilo kumi na sita. Daktari anasema punguza mkate, na mkate ni uleule, byrek yangu, pai ya mchicha, ni ileile, na miaka arobaini nimejisifu kwamba ukoo wetu haunenepi, ni damu, nikimcheka wifi yangu wa Tirana, "Wewe ni mdomo wako tu." Kule Berat jioni magari yanazuiwa, mji mzima unatoka kwenye xhiro, tunatembea huku na huku tukisalimiana. Huku nilivaa viatu vizuri nikatoka peke yangu, njia ya miguu hakuna, magari yananipapasa sketi, dereva mmoja akasimama, "Mama, wamekufukuza nyumbani? Panda nikupeleke." Nikapanda, mshauri! Niliona aibu kusema natembea tu. Akanishusha kituo cha mabasi.

Mwezi uliopita nikaenda Berat kuchukua hati za nyumba. Ngazi za mawe mia moja na arobaini na mbili hadi mlangoni, nikapumzika mara tano. Jirani yangu Sanije, miaka themanini na mmoja, akanipita na mfuko wa maharage begani. "Nurije, vipi, lifti imeharibika?"

Nikaketi ukutani nikazitazama zile ngazi. Kushuka kufuata mkate, kupanda, kushuka kwenye xhiro, kupanda tena, kila siku, na sikuwahi kuziita kazi. Nilidhani ni mimi ninayepanda mawe, kumbe mawe ndiyo yaliyokuwa yakinibeba. Nikayagusa kama mtu anayeshika mkono wa mkunga wake.

Na Alhamisi natia sahihi, Ylber anaiuza nyumba. Nikimwambia nataka kurudi nitamvunja moyo, nisipomwambia magoti yatakwisha, na Sanije naye nitamtazama vipi?

Mama Ylber

JIBU

Mama Ylber, pole, na hongera kwa mwana. Lakini ngoja nikugombeze. Lifti umeutangazia mtaa mzima, goti umemficha mwanao mmoja. Mtoto anayekupenda hivyo unampa ukweli, humpi sahihi tu.

Ulichokiona pale ukutani kimenifanya niisome barua mara ya pili. Wewe na wifi yako mmesutana miaka arobaini, huyu damu, yule mdomo, na muda wote huo mlima ulikuwa ukifanya kazi yake bila kudai shukrani. Mpigie wifi yako simu leo, umwombe radhi.

Ila usiyasujudie mawe mno. Mawe yalikuinua mguu, lakini kilichokutoa ndani ni watu wa kusalimia. Ukirudi Berat ukajifungia, utanenepa hukohuko juu.

Jumatano jioni mwambie Ylber aliache gari, mwende kununua mkate kwa miguu, wewe na yeye, kwenye barabara hiyohiyo. Usimhubirie. Ni mhandisi, ana macho. Ukianza kuhema akuulize kulikoni, usisingizie umri. Mwambie hapohapo: nyumba haiuzwi, na Alhamisi sitii sahihi. Atanuna siku mbili, atapona.

Daktari akague goti na sukari kwanza, kisha ukae Berat toka machipuko hadi vuli, ukipanda polepole, ukipumzika hata mara kumi. Baridi ikija na mawe yakiteleza, rudi ghorofani, ugonge milango ya jirani zako. Wamo wanawake humo waliojifungia wakilaumu damu yao. Watoe, mtembee kwa kundi. Madereva huogopa kundi, na diwani naye huliona kundi mkimdai njia ya miguu.

Na Sanije akikuuliza tena, usitafute uongo. Mwambie, "Lifti nzima kabisa, dada. Mimi ndiye niliyekuwa naharibika." Kisha mpokee ule mfuko wa maharage, mpande.