Mgongo wangu na beseni la ndagala

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Natangaza kwa heshima zote, mbele ya ukoo mzima: leo asubuhi mgongo wangu ulinyooka!

Wiki mbili ulinikunja kama ndoana, nisiweze kubeba mzigo wangu hadi kwenye boti ya kunirudisha kwenu Uvira. Nilijaribu yoga ya picha za gazeti la Kifaransa. Mama Zabibu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ninayelala kwake hapa Baraka, akanikuta matako juu, kichwa chini.

"We baba, umepoteza nini?"

Akanitwika beseni la ndagala. "Kifua mbele! Angalia milima ya Ubwari kule ng'ambo, miguu inajua njia. Ukimwaga, utaokota moja moja."

Siku tano nilitembea ufukweni hivyo, bamama wakinipigia vigelegele, hadi maumivu yakaisha. Leo nimeenda kwenye boti na mzigo wangu kichwani, wima kama askofu. Risasi zikalia mlimani, sote tukajitupa chini. Wenzangu wameinuka. Mimi mgongo umekunjika tena, nakuandikia kutoka mchangani.

Unikumbatilie batoto, na ile sombe ya majani ya muhogo uliyoniwekea mle kwa furaha.

Kadi hii imepanda boti. Mimi niko bado Baraka.