Ufuko Usio na Watu

Jumanne, 18 Juni 1996

Ufuko wa Kalumbi hauna watu. Kasema Zenon Kapele, wakala wa kampuni ya kujenga hoteli, leo asubuhi hapa Sumbawanga, mbele ya waandishi watatu na sinia la sambusa. Kampuni inaomba ufuko wote, kutoka kwenye mawe hadi mto unapoingia ziwani. Vibanda vya wageni, baa, gati. Mkutano wa kijiji utakaa Jumatatu, tarehe 1 Julai, kutoa ridhaa. Hakuna wa kuhamishwa, kasema, maana hakuna mtu.

“Nimefika kwa miguu yangu. Hata mbwa hakuna!”

Nikamuuliza alifika lini. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Nikaandika. Nikamuuliza kama anawajua kina mama wanaoanika dagaa pale. Akacheka. “Kaka mwandishi, dagaa si anaanikwa popote penye jua? Hii ni enzi ya soko huria.” Wenzangu wakacheka naye. Midomo yao iling'aa mafuta.

Sikula. Gazetini siandiki kwamba nimekasirika, basi naandika hapa: nimekasirika. Mama mdogo wa mke wangu, Epifania, ana anikio lake katikati kabisa ya ufuko huo. Na Kalumbi hiyohiyo ndiko mimi na mke wangu huyo, mwalimu Fortunata, tumepanga kwenda kupumzika kuanzia Ijumaa ya wiki ijayo. Siku nne. Mapumziko yetu ya kwanza tangu Angela azaliwe, na Angela sasa yuko sekondari, bweni.

Jumatano, 19 Juni

Fortunata ameanza kufunga mizigo. Chandarua, mchele, sabuni, kanga mbili za kukalia mchangani. Viatu habebi, anasema, atakaa pekupeku kama alivyokuwa mtoto. Hajawahi kuonekana na furaha hivi tangu shule za msingi zifungwe.

Tarehe alichagua yeye, toka Aprili. “Twende mwezi ukiwa mpevu. Ukienda wakati wa giza hupumziki, unanuka tu.” Ni kweli. Wakati wa giza mitumbwi inatoka na karabai, dagaa wanafuata mwanga, na kukikucha ufuko wote ni makelele, nzi, wachuuzi kutoka Kabwe wanagombana. Mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa. Mitumbwi inapinduliwa chini ya miti, karabai zinatundikwa ndani, wanaume wanapanda huku juu Chala kuvuna ulezi wao. Ufuko unabaki na mawimbi peke yake. Hata kina mama wanaingia ndani kushona nyavu na kulala.

Nilikuwa nahakikisha tarehe kwenye kalenda ya parokia, ile yenye alama za mwezi. Tarehe 1 Julai: duara jeupe. Sawa. Kisha jicho likapanda juu kidogo. Tarehe 1 Juni, Jumamosi: duara jeupe.

Nilisimama pale mpaka Fortunata akauliza kama nimeona mende.

Kafika mwezi mpevu. Kakuta watu wamepumzika, kaandika hawapo. Na mkutano wa kuwauliza kauweka mwezi mpevu mwingine, wenyewe wakiwa Chala na visu vya ulezi! Nimemwambia Fortunata. Alifungua mzigo, akaufunga upya.

Alhamisi, 20 Juni

Posta. Foleni ya simu mpaka mlangoni. Mhariri kanipokea vizuri kupita kawaida, nikajua kuna kitu. Kampuni ya hoteli imelipia ukurasa mzima wa tangazo. Anataka makala ya kusindikiza, “Ufuko uliosahaulika,” tulivu, mchanga, machweo. Nimweleze yeye kuhusu mwezi? Nilimweleza. Kauliza: kwani wewe si unaingia likizo?

Ndiyo.

Basi pumzika mzee, kasema. Aliye likizo haandiki habari.

Sauti yangu haikupanda. Mkono ndio uliotaka kung'oa ile simu ukutani. Enzi za gazeti moja na redio moja walinikata sentensi kwa sababu ya Chama, na angalau waliona aibu kidogo. Hawa wa sasa wananikata kwa sababu ya tangazo na wanataka nishukuru.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemkuta Marselino sokoni, mtoto wa Mama mdogo, kaleta dagaa wa giza lililopita. Mkutano hana habari nao.

“Tarehe moja? Shemeji, tarehe moja mimi nipo Chala, nimeinama. Sote tupo Chala. Nani anaitisha mkutano mwezi mpevu? Labda na samaki!”

Wenzake wakapiga makofi. Nikawaambia ni nani. Kicheko kikakatika kipandekipande, wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyechelewa kuelewa. Marselino akauliza mwenyekiti wao, Nestory, anajua? Tangazo limebandikwa wapi? Nikasema nimeambiwa limebandikwa mlangoni kwa mwenyekiti, upande wa ndani wa uzio.

“Basi hilo limebandikwa kwa mke wake,” akasema. Hakucheka tena mtu.

Shida yao naielewa. Ulezi umekwishakauka. Ukiuacha umesimama, ndege. Ukiukata ukauacha chini, ng'ombe wa wafugaji wahamiaji wanapita palepale. Siku tatu za kushuka na kupanda ni chakula cha nyumba. Marselino kasema tutaona. Neno baya, “tutaona.”

Jumatatu, 24 Juni

Zenon kanisimamisha mbele ya benki. Gari jipya, kioo kimeshushwa nusu. Kasikia naenda Kalumbi kupumzika na mwalimu. Kwa nini tuteseke na lori, tupande naye, atakwenda na wageni wake. Nikamwambia, taratibu, kwamba tarehe alizochagua zote mbili ni za mwezi mpevu. Nilimpa nafasi. Nilidhani ni mtu wa mjini, hajui. Nilikuwa tayari kuandika kwamba hakujua.

“Kaka,” akasema, “mimi nimezaliwa Kirando. Baba yangu alivua kwa karabai mpaka macho yakaharibika. Unanifundisha mimi mwezi?”

Anajua! Anajua kuliko mimi. Ndiyo maana kachagua hivyo.

Akaendelea, bila haya, kama anayenifanyia hisani. Eti wale hawana hati, hawana choo, wana harufu. Eti mimi na mwalimu banda la kwanza ni letu, siku yoyote, bure. “Si mnataka utulivu? Mimi nauza utulivu. Tunataka kitu kimoja.”

Hilo limeniuma zaidi ya yote. Niliondoka bila kuaga. Nimetembea mpaka mtaa wa Jangwani na kurudi, na sikumbuki nilipishana na nani.

Jumanne, 25 Juni

Tumegombana. Nilisema tuahirishe mapumziko, niende peke yangu, kikazi.

“Mapumziko yangu umeshayageuza kazi tayari,” kasema Fortunata. “Kazi ambayo hata mwenye gazeti haitaki.” Kisha: “Mimi naenda kupumzika. Nitakaa kwenye ule mchanga. Nikikaa pale, watasema tena hauna mtu?”

Chakula kilikuwa kimepoa. Tumekila hivyohivyo.

Alhamisi, 27 Juni

Ujumbe wa Mama mdogo kwa simu ya upepo ya misheni. Sista kanisomea mara mbili. Kina mama walikwenda kwa mwenyekiti kupinga. Nestory kawajibu watakaosemea ufuko ni wenye mitumbwi. Anayeanika hana mtumbwi, hana ufuko. Wenye mitumbwi wasipotokea, ridhaa imepita.

Kwa hiyo ni hivyo. Wanaume wasiposhuka kutoka Chala, Mama mdogo anapoteza pale mahali. Mwaka 1974 alibomolewa nyumba yake kule mlimani, akapandishwa lori la serikali na kushushwa Kalumbi, akaambiwa hapa ndipo pako. Miaka yote hii kaokota mawe mchangani kwa mkono mpaka anikio likawa laini kama sakafu. Sasa anaambiwa si pake. Safari hii si serikali hata, ni mtu mwenye gari!

Ijumaa, 28 Juni

Lori la Kashinje. Msukuma, mpole, anaongea na injini kuliko anavyoongea na abiria. Chala, Fortunata akagonga bodi, akashuka, akaingia shambani na gauni lake la safari. Nikamfuata. Marselino na wenzake walikuwa wameinama kwenye mistari, visu mkononi, kikapu kiunoni. Fortunata akawasalimia wakubwa, akawaeleza maneno ya Nestory. Hakupamba.

Mmoja akasema, dada, ulezi huu nani atavuna, Zenon? Mwingine akasema mwenyekiti ni mjomba wake, atamwambiaje mbele za watu. Marselino alikuwa anafuta kisu kwenye suruali, anakigeuza, anafuta tena.

“Mama kasema nini kuhusu mimi?” akauliza.

“Hajasema kitu kuhusu wewe.”

Hapo ndipo alipoinua uso. Lakini hakusema atakuja.

Kashinje alitusubiri wala hakupiga honi. Nilipopanda akaniambia anarudi Sumbawanga kesho kupakia, na Jumapili anashuka tena Kabwe. Watakaosimama barabarani Chala atawachukua. Nikauliza, na ng'ombe? Akasema wale wa karibu na lile shamba ni wa kaka yake, atamwambia awapitishe mbali. Akawasha lori. Ni yeye peke yake wiki hii aliyenijibu sawasawa.

Jumamosi, 29 Juni

Kabwe, kisha boti. Kalumbi mchana.

Niandike nilichokiona. Mchanga mweupe. Maji unaona mpaka chini. Mitumbwi imepinduliwa chini ya miti, unaweza kuipita usiitambue. Chanja za kuanikia tupu. Milima ya Zaire ng'ambo, bluu. Hakuna sauti, hakuna mtu. Hata mbwa hakuna.

Ni pazuri! Pazuri kiasi cha kutia hasira. Mtu yeyote angeleta kamera hapa mwezi mpevu asingesema uongo hata picha moja.

Mama mdogo katupokea ndani. Shikamoo, marahaba, maji ya kuoga, ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Katuuliza tumelala wapi na Angela hajambo. Kuhusu ufuko hakuuliza mpaka tulipomaliza kula. “Watakuja?” Fortunata akamwambia ukweli: hawakusema. Akaondoa sahani.

Jumapili, 30 Juni

Imebadilishwa. Mwenyekiti Nestory katangaza baada ya sala, amesimama kivuli cha kanisa: mkutano si saa nne tena, ni saa moja asubuhi. Sababu, wageni wana safari. Nikamuuliza ni lini waliamua. “Mwandishi, wewe uko likizo,” akanijibu. Kumbe mpaka yeye kaambiwa.

Zenon kafika saa sita kwa boti ya kukodi. Wageni wawili, kreti za soda, mchele, mtu wa kamera. Wakaanza kupima.

Saa nane Mama mdogo katoka ndani na gunia. Dagaa wake wa akiba, waliokwisha kukauka, wa kuuza wakati bei ikipanda. Kawanyunyizia maji, kawamwaga kwenye anikio, kaanza kuwatandaza kwa ufagio. Hakumtazama mtu. Akaja Agnesi jirani na la kwake. Kisha nyumba ya tatu, ya nne. Kufika saa tisa ufuko wote umegeuka fedha, nzi wamerudi, na ile harufu imesimama kama ukuta. Mgeni mmoja kafunika pua na kofia.

“Mama, dagaa wakavu wanaanikwa tena?” Zenon kauliza.

“Wangu hawajakauka.”

“Wamekauka, mama. Mimi nawajua dagaa.”

“Najua unawajua,” kasema Mama mdogo. “Ndiyo maana naona ajabu.”

Zenon kageuka, akaenda upande wa mawe, pekee palipobaki pasafi. Palikuwa na Fortunata. Kanga imetandikwa, miguu pekupeku ndani ya maji. Mtu wa kamera akasubiri. Zenon akainama kidogo, kwa heshima zote.

“Mwalimu, tunaomba usogee. Tunapiga picha ya ufuko.”

“Niko likizo,” kasema Fortunata.

Hakusogea. Yupo pale hadi sasa naandika, jua linashuka Zaire. Mwezi umeshatoka upande wa milima yetu, mzima. Nimejaza filamu mpya kwenye kamera yangu. Boti ya mwisho kutoka Kabwe, ambayo ingewaleta wanaume wa Chala, ilipaswa iwe imeshafika. Kina mama wameacha mafagio, wanatazama upande ule. Mkutano kesho, saa moja asubuhi.