Kibuyu cha Maziwa Kando ya Songwe

Songwe, 14 Aprili 1911

Dada Subilaga,

Ugonile, dada yangu. Mumeo yu hai. Nimemwona kwa mbali, ng'ambo ya mto, ila Waingereza hawajamwachia. Wanashikilia kwamba alitega nyavu upande wao.

Mwaka wa kumi na moja sasa natafsiri mabishano ya mpakani, na kila moja naliandika daftarini nijue lilikwishaje. Leo daftari halikunisaidia. Wazee wa ng'ambo walivuka kuja kuzungumza, Bwana wetu wa boma, Mjerumani, akawapa kibuyu cha maziwa mgando. Hakuna aliyekigusa.

"Wanatudharau?" akaniuliza kwa hasira.

Nikamkumbuka marehemu mke wangu. Tumpe hakuwa akimpa mgeni maziwa kabla ya kuonja yeye mwenyewe na kufuta mdomo kwa mgongo wa kiganja. Sisi hatukuwa tumeonja kuwaonyesha kwamba hayana sumu. Nikachukua kibuyu bila ruhusa, nikanywa.

"Karani, utatumalizia!" mzee mmoja akacheka. Wakapokea, wakaketi.

Bwana hajanisemesha tangu hapo, na naogopa. Wazee wameahidi kumwombea mumeo kwa Waingereza na kumvusha kesho asubuhi, lakini mvua haikatiki na mto unapanda.

Akivuka, kadi hii ataileta yeye. Ukiipokea kwa tarishi, jua bado tunazungumza, usianze kulia. Akifika mwenyewe, mpe maziwa, uonje kwanza, na unikumbuke mimi na Tumpe.

Kaka yako,
Ambakisye